Subana kwenye Kidole cha Mwisho

Hapo zamani, wala si zamani ya majini na wafalme, ni zamani ya juzi tu, palikuwa na wanawake wanne katika mji wa Kirumbani waliokuwa wakishona kofia. Kila Alhamisi alasiri walikutana ukumbini kwa Bi Kidawa. Watatu wakishona, mmoja akisoma. Walichosoma ni hadithi fupi za mahaba, za mwanamke na mwanamke mwenziwe, na aliyeziandika alikuwa mmoja wao, Zeyana.

Walikuwa na masharti yao. Mwandishi hasomi hadithi yake. Msomaji haruki neno. Karatasi ikishasomwa inatiwa kwenye chetezo pamoja na udi, inaungua, wanaendelea kushona. Majirani wa kike waliruhusiwa kuingia. Walisikiliza, wakacheka, wakaenda zao. Hadithi hazikuwa na majina, kwa hiyo hazikuwa za mtu.

Zeyana alimpenda Rukia. Rukia alikuwa mjane, akiishi na binti yake nyumbani kwa kaka yake, naye alimpenda Zeyana. Bi Kidawa alijua. Shinuna, msomaji, alijua. Hakuna mwingine aliyejua, na ndiyo sababu waliweza kuonana.

Zeyana akaandika hadithi ya kwanza. Shinuna akaisoma. Bi Kidawa akasema, "Mbaya."

Akaandika ya pili. Shinuna akaisoma. Bi Kidawa akasema, "Mbaya."

Akaandika ya tatu. Shinuna akaisoma. Bi Kidawa akaweka kofia chini.

"Mwanangu, hawa wanawake wako wanafanya kazi gani?"

"Hawafanyi kazi, Bi Kidawa. Wanapendana."

"Ndiyo maana. Hawana kazi, hawana majina, hawana hata njaa. Mstari wa tatu nguo ziko chini. Matiti maembe, midomo asali, mapaja sijui tikiti gani. Hili ni penzi au genge la matunda?"

Shinuna alicheka mpaka karatasi ikamponyoka mkononi.

"Na mwisho lazima mmoja afe," Bi Kidawa akaendelea. "Hadithi tatu, maiti tatu. Wamekukosea nini?"

"Basi niache kuandika?"

"Nani kasema uache? Uzuri umo. Ni fupi, haina nafasi ya kutuhubiria. Watu wawili wako chumbani mwao na hakuna mwanamume anayekuja kuwaamua. Mimi mtu mzima hivi, sijasikia popote pengine kwamba mwanamke kama mimi aliwahi kutamaniwa. Nimekuja kusikia hapa. Lakini nionyeshe kitu kimoja ambacho hakuna akijuaye ila aliyekuwepo. Kimoja tu, mwanangu."

Rukia alikuwa akimtazama Zeyana.

Zeyana alikuwa nacho kitu hicho. Rukia aliungua mkono utotoni, vidole vya katikati vikakakamaa. Kwa hiyo subana, kile kikofia cha chuma cha kusukumia sindano, aliivaa kwenye kidole cha mwisho. Akivua nguo alisahau kuivua. Zeyana aliujua ubaridi wake shingoni, unavyoshuka mgongoni pole pole, unavyopata joto njiani, mpaka ukifika kiunoni huwezi kusema kipi chuma na kipi kidole.

Akaandika hivyo. Akaogopa. Akaihamishia subana kwenye kidole cha kati, kama wanavyoivaa washonaji wote wa mji. Akasoma tena. Hadithi ikawa ya mtu mwingine. Akairudisha kwenye kidole cha mwisho.

Alhamisi ya kusomwa hadithi hiyo alikuja Maimuna, mke wa kaka yake Rukia.

"Wifi kila akitoka huku anarudi anaimba," alisema akivua viatu. "Nikasema leo nami nikaonjeshwe."

"Karibu, kaa," Bi Kidawa akamwambia.

Shinuna akasoma. Hakuna aliyecheka. Sindano zilisimama. Alipofika kwenye kidole cha mwisho, akainua macho, akamwona Maimuna, akamwona Zeyana ameziba mdomo kwa kanga. Angeweza kuruka mstari. Aliusoma kwa sauti ile ile, na kila mtu ukumbini aliuhisi ubaridi ule mgongoni mwake.

Na Rukia, ambaye mkono wake ulikuwa wazi tangu alasiri bila mtu kuutazama, akauingiza chini ya kofia.

"Wifi," Maimuna akasema, "mbona unaficha mkono?"

Karatasi ilichomwa kama kawaida. Haikusaidia kitu.

Kesho yake kaka mtu alimpandisha Rukia lori la kwenda bara kwa wajomba. Binti yake alibakizwa pale nyumbani. Zeyana aliwahi kufika kituoni. Waliambiana machache, kwa sababu dereva alikuwa akipiga honi.

"Nisamehe, Rukia."

"Ilikuwa hadithi nzuri," Rukia akasema. "Ingekuwa mbaya ningekuwa na mwanangu sasa hivi."

Lori likaondoka.

Alhamisi iliyofuata walikaa watatu.

Shinuna akasema, "Bi Kidawa, wewe ndiye uliyedai ukweli. Maembe na asali yalikuwa na ubaya gani? Yalitusitiri."

Bi Kidawa akasema, "Mimi niliomba kitu kimoja. Sikuomba mkono ambao mji mzima unaujua. Na wewe ulimwona Maimuna kakaa pale. Ulimi ungekuuma kuruka mstari?"

"Ningeruka, mngesema nimeiua. Mlikuwa mnanyamaza nyote mnangoja. Na Rukia je? Angeendelea kushona, Maimuna angerudi nyumbani na mashaka tu. Ni yeye aliyeuficha mkono."

"Usimtaje," Zeyana akasema. "Niliandika mimi. Nilikitoa kidole, nikakirudisha. Nilijua."

"Kwa nini ulikirudisha?" Shinuna akauliza.

"Nilitaka ajione humo. Mara moja tu, ajione."

Rukia alijiona, na wengine wakamwona.

Zeyana alijaribu kuandika tena. Aliandika wanawake wawili wasio na kazi, wasio na majina, midomo asali, na mwisho mmoja akafa. Shinuna akaisoma. Majirani wakacheka, wakaenda zao. Bi Kidawa hakusema mbaya, hakusema nzuri. Kutoka bara Rukia hakuleta salamu, na binti yake alifundishwa kupita upande wa pili wa njia akimwona Zeyana.

Haya, nyinyi mliokaa hapa. Msinitajie Maimuna wala kaka mtu, hao tunawajua. Nawauliza juu ya wale waliompenda: aliyeudai ukweli, aliyeuandika, aliyeusoma bila kuruka, na yeye mwenyewe aliyejitambua akaficha mkono. Je, ni nani kati yao aliyempoteza Rukia?