Donge la Udongo Kizingitini

Paukwa!
— Pakawa!
Mzigo uko mlangoni!
— Ingiza, tukusaidie!
Ni mzito!
— Sisi ni wengi!

Haya, sogeeni. Kwanza niwape swali lililonishinda. Bibi aliyenisimulia hakujua jibu lake, nami nimelizungusha kichwani miaka yote, silijui. Swali ni hili: nani aliweka donge la udongo kwenye kizingiti cha Siwema? Lishikeni hilo.

Hapo kale palikuwa na kijiji cha wafinyanzi. Wanaume walilima, wanawake walifinyanga vyungu, na watoto walibeba udongo. Udongo wenyewe ulichimbwa kwenye shimo nyuma ya kijiji. Shimo refu. Mvua ikinyesha, lilijaa maji.

Kijiji kilikuwa na desturi yake. Mwanamke akifiwa na mtoto mdogo, mikono iliyomwosha maiti haikuruhusiwa kugusa udongo wa vyungu vya watu. Basi walimfunga. Sanda iliyobaki ilikatwa vipande viwili, cha mkono wa kulia na cha mkono wa kushoto, siku arobaini. Majirani walimpikia, walimlisha tonge kwa tonge, walimchana nywele. Wakamwambia, "Pumzika, mwenzetu. Usishike kitu." Msiwaone wabaya. Walimpa kila walichokuwa nacho.

Lakini watatu walifungwa, na watatu hawakufika siku ya arobaini. Wa kwanza alikutwa shimoni. Wa pili alikutwa shimoni. Wa tatu alikuwa binti wa Bi Mwamize, naye alikutwa shimoni. Watu wakasema, "Ameitwa." Wakishasema hivyo, hakuna aliyeuliza zaidi.

Zamu ikamfikia Siwema. Alikuwa na mtoto mmoja, Kidawa, wa miaka saba. Asubuhi moja ya masika alimpa kikapu. "Kaniletee udongo kidogo tu, nizibe ufa." Kidawa akaenda. Kikapu kilirudi, kimebebwa na watu waliomtoa shimoni.

Aliyemfunga mikono ni mama mkwe wake, na mama mkwe wake ndiye huyo Bi Mwamize.

"Nimekaza sana, mwanangu?"

"Hata sijui, mama."

Siku ya kumi, jua la utosi, sauti ilisikika mlangoni. Laini, kama ya jirani aliyekuja kuomba moto.

"Siwema, mikono yako ina kazi gani?"

"Haina."

"Basi nitarudi."

Siku ya ishirini sauti ilikuwa ndani, ukingoni mwa mkeka.

"Siwema, mikono yako ina kazi gani?"

"Haina."

"Nitarudi."

Siku ya thelathini ilikuwa sikioni.

"Siwema, nani alimpa mtoto kikapu?"

"Mimi."

"Basi kesho twende."

Siwema akaitikia. Hata hakuogopa, na hilo ndilo linaloniogopesha mimi.

Kesho yake asubuhi alipofungua mlango kwa bega, akakuta donge. Kama andazi kwa ukubwa, bichi, limefunikwa jani la mgomba. Alilijua ni la shimo lile. Aliinua mguu alipige teke. Kisha harufu ikampanda puani, harufu ya nywele za Kidawa akitoka kubeba. Akalivuta ndani kwa unyayo, akakaa, akang'ata fundo la sanda hadi likaachia.

Hakufinyanga chungu. Alifinyanga sikio.

Jua likafika utosini.

"Siwema, mikono yako ina kazi gani?"

"Inafinyanga sikio."

"La nani?"

"La Kidawa. Usinisemeshe, natafuta mkunjo wa hapa juu."

"Ukimaliza?"

"Kuna la pili."

"Nitangoja."

"Ngoja, lakini nje. Unaniziba mwanga."

Ikatoka. Siwema akalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi, huku vidole vinaendelea.

Ndipo jirani yake, Bi Rehani, akaingia na uji. Akaona sanda sakafuni. Akapiga yowe, na kesho yake asubuhi kijiji kizima kilikuwa uwanjani mbele ya jumbe.

"Nani kampa udongo? Onyesheni mikono!"

Watu wakanyoosha. Kijiji cha wafinyanzi, wapenzi wasikilizaji! Kila mkono ulikuwa na udongo. Jumbe alisonya. "Basi afungwe upya."

Siwema alijua kwamba akifungwa, haioni kesho.

Bi Mwamize akainuka. "Nitamfunga mwenyewe, jumbe. Ila uzee huu! Nimesahau fundo linavyopita. Hebu niazime mikono yako nijaribie."

Watu wakacheka. Jumbe akanyoosha mikono. Kikongwe akafunga fundo la kwanza, la pili, la tatu. Kisha akaenda kukaa.

"Haya, nifungue."

"Siku arobaini, jumbe."

"Una wazimu, wewe bibi!"

"Basi hadi alasiri."

Na fundo la sanda hufunguliwa na aliyelifunga tu. Desturi. Nzi akatua puani kwa jumbe, watu wakacheka. Akaomba ugoro, Bi Rehani akamtia, nusu ukaenda jichoni, watu wakazidi kucheka. Jua lilipopanda kicheko kikakatika. Masika yaliyopita jumbe alimzika mwanawe. Kesho yake alishika jembe, maana wanaume hawakufungwa, na hakuliacha mpaka siku ile. Sasa hana jembe.

Siwema alimwona anageuza shingo kuelekea njia ya shimoni.

"Mmesikia?"

"Nini, jumbe?"

"Kuna mtu ananiuliza mikono yangu ina kazi gani."

Hakuna aliyecheka. Siwema akalimega donge lake alilokuja nalo, akaweka nusu miguuni mwa jumbe. Bi Mwamize akamfungua. Mzee yule alifinyanga kitu mbele za watu, kibaya mno.

"Ni ng'ombe au ni kiti?" Bi Rehani akauliza, machozi yanamtoka.

"Ni mwanangu, amekaa," akasema jumbe.

Ikaamuliwa siku hiyo: mikono isifungwe tena. Siku ya tatu baada ya mazishi, donge liwekwe kwenye kizingiti cha mfiwa, awe mke, awe mume. Asiulizwe anafinyanga nini. Asisifiwe. Alichofinyanga kisichomwe motoni, kiachwe kirudi udongo, afinyange tena.

Siwema hakupona kama mnavyotaka nyie. Sauti ilipita pale kwake mchana hadi uzeeni. Yeye alijibu, "Niko kazini," na siku nyingine hakujibu, aliita jirani.

Nani aliweka donge la kwanza? Bi Mwamize aliulizwa, akasema si yeye. Lakini aliyetimiza uamuzi ni yeye. Alibeba madonge nyumba kwa nyumba mpaka miguu ikakataa. Na la kwanza kabisa, alipotoka uwanjani, alilipeleka nyumbani kwake mwenyewe. Akaliweka kizingitini, akaliruka, akaingia, akageuka kuliokota. Binti yake alikuwa na miaka minne kaburini.

Mzigo nimeutua.
— Tumeupokea!
Una uzito?
— Unabebeka!
Basi nyoosheni mikono, kila mtu ashike chake.