Mlinzi Aliyehesabu Hatua

Mguu uumao hauvai njuga. Leo asubuhi benki mmemsikia yule mama akimwambia hivyo kijana aliyekuwa akinung'unika kwamba dada mwenye afya zake amekalishwa kwenye kiti cha wagonjwa. Mkatazamana, mkacheka, na sasa mmefika nyumbani mnaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Afadhali mmeuliza, maana siku hizi watu wanatafuna methali kama karanga, hawajui hata nani alilima. Basi kaeni, na wewe weka hiyo simu chini. Mwanzo wake ni huu.

Huko Dodoma, wala si zamani sana, palikuwa na jengo la biashara la ghorofa nne likiitwa Zuhura Plaza. Chini maduka, juu ofisi, na ghorofa ya pili kliniki ya mazoezi ya viungo. Mbele palikuwa na uwanja wa maegesho wenye geti lake, mali ya jengo lenyewe, na karibu kabisa na mlango zilipakwa rangi ya bluu nafasi mbili zenye picha ya kiti cha magurudumu. Hizo zilikuwa nafasi za walemavu, na hizo ndizo zilizoleta kisa.

Mlinzi wa uwanja aliitwa Ndahani Chiwanga. Alikuwa na miaka thelathini, na sita kati ya hiyo ameimaliza kwenye vibarua: kubeba zege, kuchimba mitaro ya maji, kulala kwenye viwanja vya watu ili visivamiwe. Zuhura Plaza ndipo mahali pa kwanza alipotajiwa barua ya ajira. Masharti yalikuwa miezi mitatu ya majaribio, na katika miezi hiyo asiandike tiketi hata moja itakayofutwa kwa makosa. Akivuka salama anapewa barua, na barua inakuja na bima ya afya kwa mkewe Tabitha na mtoto wao aliyekuwa akisumbuliwa na kifua kila upepo wa Juni ulipoanza. Kisa hiki kilimkuta amebakiza wiki mbili. Alikuwa anazihesabu kama mwanafunzi wa bweni anavyohesabu siku za kufunga shule.

Sasa meneja wa jengo, Bwana Kisanga, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoshwa. Wakubwa walikuja na magari yao makubwa wakaegesha palepale kwenye bluu, wakiambiwa wanajibu dakika mbili tu, na hizo dakika mbili zinakwenda mpaka wali wa mchana. Wenye magongo wakaambiwa wakatafute nafasi nyuma kwenye jenereta. Bwana Kisanga akamfukuza mlinzi aliyekuwa akiyafumbia macho hayo, akatunga sheria yake mwenyewe. Gari lolote lisilo na stika ambayo jengo linawapa walemavu likiegeshwa kwenye bluu, mlinzi amtazame dereva na kumhesabia hatua kumi. Dereva akizipiga zote bila gongo, bila kushikwa na bila kuchechemea, gurudumu lifungwe kwa kile chuma cha njano ambacho walinzi walikiita pingu, na tiketi ya faini ibandikwe kwenye kioo. Kutoka kwenye bluu mpaka mlangoni zilikuwa hatua kumi na mbili, kwa hiyo kumi zilionekana zinatosha.

Aliyemfundisha Ndahani kazi alikuwa mlinzi mkongwe, Mzee Sudi. Akamwambia asihangaike na uso wa mtu, kwani uso unaweza kuigiza. Aangalie miguu. Naye Ndahani akaangalia miguu, na kwa kweli akafanya kazi njema. Alimfungia pingu mkandarasi mmoja aliyekuwa akisalimiwa na kila mtu mjini, akatukanwa, akanyamaza. Watu wa magongo wakaanza kuikuta nafasi yao iko wazi. Kwa hiyo msiharakishe kumlaumu. Kosa lake lilitoka kwenye bidii, na makosa ya namna hiyo ndiyo magumu kuyaona.

Jumatatu moja likaingia gari dogo la rangi ya maziwa, likaenda moja kwa moja kwenye bluu. Akashuka mama wa miaka arobaini na kitu, gauni la kitenge, mkoba begani, mgongo umenyooka. Alikuwa Mwalimu Agripina Lemanya, anafundisha hisabati sekondari. Ndahani alimsalimia shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akahesabu. Hatua kumi zilikuwa safi, hata wanajeshi wa gwaride wangemwonea wivu. Mwalimu akaingia kwenye lifti, Ndahani akaenda kuchukua pingu.

Baada ya saa moja mwalimu akatoka, akakuta gurudumu limefungwa. Hakupiga kelele. Alieleza kwamba ana tatizo la mgongo, kwamba barua ya daktari aliileta ofisini wiki mbili zilizopita akaambiwa atapigiwa simu kuhusu stika, na kwamba simu hiyo mpaka leo haijapigwa. Ndahani hakuwa na habari ya barua yoyote. Alichokuwa nacho ni hatua kumi alizoziona kwa macho yake. Watu wakaanza kusogea, si mnatujua, gari likifungwa tu tunajaa. Mmoja akasema huyu mama mbona anatembea kuliko sisi. Mwingine akasema ulemavu siku hizi umekuwa fasheni. Mwalimu aliyasikia yote, na shingo yake ikakakamaa kwa aibu.

Ndipo akamgeukia Ndahani.

"Mwanangu, ningechechemea, ungeniamini?"

"Ningekuamini, mama. Ndiyo sheria yetu."

"Basi sitachechemea. Mimi nimewafukuza watoto darasani kwa kudanganya."

Sheria iliruhusu mtu kuipinga tiketi. Unatia sahihi chini ya neno napinga, unafunguliwa gari, na Ijumaa meneja anasikiliza pande zote. Mwalimu akatia sahihi akaondoka. Ndahani alibaki ameshika funguo za pingu, akajiambia kwamba amefanya kazi yake.

Jumatano gari la rangi ya maziwa likarudi. Safari hii halikugusa bluu. Lilikwenda mpaka mwisho wa uwanja, kwenye jenereta, nafasi pekee iliyokuwa wazi. Mwalimu akashuka, akaanza kutembea kuja mlangoni. Ndahani hakuwa na sababu ya kumhesabu, gari halikuwa na kosa. Ila mtu ukishazoea kuhesabu, macho yanahesabu yenyewe.

Kumi, ishirini, thelathini. Mwalimu anakuja vilevile, mgongo umenyooka. Kwenye arobaini na tano hatua zikafupika. Kwenye sitini akapeleka mkono kwenye gari lililokuwa pembeni, akaupeleka kwenye la pili, kama mtu anayekagua vumbi. Kwenye sabini na mbili akasimama. Akainama juu ya boneti ya pikapu ya mtu, mkoba ukaning'inia, akatulia hivyo. Wapita njia wawili walimpita bila kumtazama mara mbili. Ungesema anatafuta hereni iliyodondoka.

Ndahani akaangalia mlango. Zilibaki hatua karibu sabini nyingine. Akakibeba kiti chake cha plastiki cha getini akaenda mbio.

Mwalimu alikaa. Uso ulikuwa umelowa jasho na midomo imekauka. Alipopata pumzi alimweleza kwa upole, kama anavyomweleza mwanafunzi mgumu wa kuelewa. Miaka mitatu nyuma alipata ajali ya basi, na tangu hapo njia ya mishipa ya fahamu mgongoni mwake imebana. Hatua za mwanzo miguu inamtii. Kisha inaanza kufa ganzi, kisha inawaka moto, kisha haipo. Akiinama au akikaa, inarudi. Daktari amemwambia mazoezi mara tatu kwa wiki ndiyo yatakayomwacha aendelee kusimama ubaoni, na akiyaacha asishangae akiishia kwenye kiti cha magurudumu.

"Sasa Jumatatu mbona hukuonyesha hata dalili?" Ndahani aliuliza, na sauti ilimtoka ndogo.

"Dalili nitoe wapi, mwanangu? Ulinihesabu kumi. Mimi ugonjwa wangu unaanza hamsini."

Ndahani aliona aibu, aibu ile ya kweli inayokuja na joto masikioni. Alimpokea mkoba, wakaenda polepole mpaka kwenye lifti, kiti cha plastiki nacho kinafuata, wakipumzika mara mbili njiani.

Usiku ule alimsimulia Tabitha. Wote wawili walijua Ijumaa inamaanisha nini. Akiitetea tiketi yake, itasimama, kwa sababu sheria ilifuatwa neno kwa neno, na mwalimu mwenyewe hakatai kwamba alipiga hatua kumi. Akiikana, itakuwa tiketi iliyofutwa kwa makosa, na barua ya ajira imekwenda na maji. Mzee Sudi, aliyeambiwa palepale kazini, alimshauri afunge mdomo, ampigie mwalimu magoti baadaye akishapata ajira. Tabitha alimbembeleza mtoto aliyekuwa akikohoa mgongoni mwake. Mwisho akasema yeye hana la kumwamulia, lakini angependa siku mtoto huyu akikua aweze kumsimulia baba yake alifanya nini. Ndahani hakulala.

Ijumaa wakakaa watatu ofisini kwa meneja. Bwana Kisanga alisoma tiketi kwa sauti, akasoma sheria, akamuuliza mwalimu kama alitembea hatua kumi bila kushikwa. Mwalimu akasema ndiyo. Meneja akashusha miwani, akamgeukia mlinzi kwa kutimiza utaratibu tu, aulize kama ana la kuongeza.

"Ninalo, bosi," Ndahani akasema. "Naomba tiketi hii ifutwe. Nilikosea mimi."

Meneja alimtazama. Akamkumbusha, bila ukali, kwamba amebakiza siku kumi na anajua masharti. Ndahani akasema anajua. Meneja akasukuma kitabu cha tiketi mbele yake. Kwa sheria ya jengo, anayefuta lazima aandike sababu kwa mkono wake, na kisanduku cha sababu chenyewe kilikuwa kidogo, mstari mmoja tu. Ndahani alishika kalamu muda mrefu. Mgongo wa watu utauandikaje kwenye mstari mmoja? Mwisho akaandika, akarudisha kitabu.

Bwana Kisanga akasoma. Akasoma tena.

"Mguu uumao hauvai njuga. Hii ndiyo sababu?"

"Bosi, mimi Jumapili huwa nacheza ngoma na wenzangu kule Chamwino. Mchezaji akivaa njuga, unamsikia kabla hujamwona. Sasa mimi hapa getini nilikuwa nasubiri mguu wa mwalimu upige kelele ndipo niamini unauma. Ngoma ndiyo inayovaa njuga. Maumivu hayavai. Jumatano nilimhesabu tena, akaishia sabini na mbili."

Mwalimu Agripina alitoa leso, akajifanya anafuta miwani, na miwani hana. Meneja akafungua droo, akapekua makaratasi, na chini kabisa akaitoa bahasha yenye barua ya daktari, imegongwa muhuri wa mapokezi wa wiki mbili zilizopita, haijafunguliwa. Aliitazama ile bahasha kwa muda, na mtu mzima yule akaona haya.

"Tiketi yenye makosa ipo," alisema. "Lakini aliyekosea kwanza ni mimi."

Akatia sahihi. Stika ilibandikwa siku ileile. Sheria ya hatua kumi ikafutwa, na badala yake mlinzi akaagizwa amsogelee dereva asiye na stika, amsalimie, amuulize kwa heshima kama nafasi hiyo anaihitaji, na anayesema ndiyo apewe fomu ya stika papo hapo. Wengine walisema watu watadanganya. Wapo waliodanganya, sikatai. Lakini mngeshangaa wangapi walioulizwa vile, ana kwa ana na kwa shikamoo, walitazama chini wakarudisha gari nyuma wenyewe. Na barua ya Ndahani ilitoka, imechelewa mwezi mzima, jina la mtoto limekosewa kwenye bima, lakini ilitoka. Tabitha aliipokea kwa mikono miwili.

Wiki zikapita. Mchana mmoja Mwalimu Agripina aliegesha kwenye bluu, akashuka, akaelekea mlangoni mgongo umenyooka. Mlangoni alikuwapo bwana mmoja anasubiri mtu, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka getini kwamba huyu mama mzima kabisa, walinzi wa hapa wanalala. Ndahani alikuwa getini, mbali. Alifungua mdomo amjibu, akawahiwa. Mzee Sudi, yuleyule aliyemfundisha kutazama miguu, alinyanyuka kwenye benchi lake la mlangoni, akamfungulia mwalimu mlango, akamgeukia yule bwana na kumwambia taratibu, kama mtu anayesema neno aliloachiwa na babu zake:

"Ndugu yangu, mguu uumao hauvai njuga."