Kiboko Alivyokula Mbolea ya Sange

Nianze?
Anza!
Chumvi nitie?
Tia!
Na uongo?
Ongeza!

Haya, kaeni vizuri. Wewe unayechekacheka hapo nyuma, cheka sasa hivi, maana baadaye utakosa pumzi!

Palikuwa na Sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mrija. Alikuwa na shamba kando ya mto. Na mtoni alikaa Kiboko, tumbo kubwa, aibu hana. Kila mwaka Kiboko alisema, "Panda ufuta!" Sange akapanda ufuta, Kiboko akala ufuta. Mwaka mwingine, "Panda ufuta!" Sange akapanda, Kiboko akala. Mpaka ardhi ikachoka, ufuta ukatoka mwembamba, mafuta hamna.

Kiboko akang'aka, "Ufuta gani huu? Usiponona, nitalala juu ya shimo lako, wewe na wanao mkiwa ndani!"

Lo, Sange aliogopa! Wanawe walikuwa bado wananyonya. Akachomeka pua ardhini, nf! nf! nf! Akajua udongo unataka nini. Kwanza zipandwe choroko, zilishwe majivu ya mifupa, na mizizi yake ibaki chini. Halafu ndipo ufuta, nao upewe salfa, ule unga wa njano wa kwenye chemchemi ya maji moto, ndio unaotia mafuta.

Akasaga, akajaza gunia la majivu na gunia la salfa. Lakini shamba ni kubwa, na vijikono vyake kama punje! Atamwaga lini? Na mvua hiyooo, inanguruma!

Mara pu! pu! pu! Kiboko huyo.

"Umeficha nini, kidudu wewe?"

"Usiguse, bwana mkubwa! Ni dawa ya kunonesha ufuta."

"Kama inanonesha ufuta, je, mimi?"

"Wewe? Si utapasuka kwa kunona!"

"Nipe!"

"Sikupi!"

"Nipe, nikuachie mavuno yote!"

"Yote? Ya choroko na ya ufuta?"

"Yote! Vyura mashahidi!"

Vyura wakaitika, "Krooo!"

"Haya basi," Sange akasema. "Lakini ina masharti. Majivu utakula sasa, salfa utakula msimu wa ufuta. Na tumbo likianza kuita, usisimame mahali pamoja! Tembea shambani mstari kwa mstari, mkia uchezeshe, ili unono uenee mwilini."

Kiboko akala majivu pamoja na majani yake ya kila siku. Tumbo bu-bu-bu-bu! Mkia fyu! fyu! Mavi pwa! pwa! pwa! Kulia pwa! Kushoto pwa! Sange nyuma yake anapanda choroko, anapiga kelele, "Kona ile, bwana mkubwa, hujafika!"

Choroko zilibeba, wacha! Mizizi imejaa vinundu vya kurutubisha udongo. Sange akachuma maganda, mizizi akaiacha ardhini.

Ukafika msimu wa ufuta. Kiboko akala salfa. Mama yangu! Tumbo bu-bu-bu-bu! Mkia fyu! fyu! Mavi pwa! pwa! pwa! Harufu ya mayai viza, hata mashahidi walizama majini! Sange kajiziba lile pua lake refu, anapanda ufuta, anapiga kelele, "Kona ile, bwana mkubwa, hujafika!"

Ufuta ukaiva. Ukiubonyeza tu, mafuta chururu! Sange na wanawe wakavuna wote, wakauingiza shimoni.

Kiboko akajitazama majini. Akaja mbio.

"Nimekonda! Mashavu yamekwisha! Unono wangu uko wapi?"

"Uliumwaga shambani, bwana mkubwa."

"Basi ni wangu! Umetoka tumboni mwangu!"

"Kweli kabisa," Sange akasema kwa heshima. "Ufuta ni wangu, vyura wanajua. Lakini kilichotoka tumboni mwako ni chako, nani akunyime? Kichukue. Kiko chini ya udongo."

Kiboko akatia pua ardhini, akafukua. Mstari huu akafukua, mstari ule akafukua, hasira zimempanda, mpaka shamba likageuka lote, udongo laini. Na mvua hiyooo, inanguruma. Sange kakaa mlangoni kwake na wanawe, wanatafuna ufuta, choroko za mbegu ziko tayari kando.

"Kona ile, bwana mkubwa," akapaza sauti. "Hujafika!"

Funzo letu ni nini? Watoto, ujanja haufai! Msiwe kama Sange. Muwe na moyo mwema kama Kiboko, aliyetia mbolea, akalima shamba zima, na hakula hata punje.

Chumvi yangu imekwisha!
Na uongo?
Wenu huo, gawaneni!