Mkeka wa Damu ya Mzee na Kijani

Mkeka huu mnaukalia kila siku na hakuna aliyewahi kuniuliza. Leo mjukuu wangu ameuliza, basi na nyinyi wengine acheni kunong'ona, msikie.

Zamani hapa Chamiyaa, kabla babu wa babu zenu hajaota meno, wekundu wa damu ya mzee na kijani kibichi havikukaa pamoja. Kijani kilikuwa cha mtoto. Mwanamke akishika mimba alisuka kwa mkono wake ukili wa kijani, ule utepe wa majani ya mkindu, na akijifungua, ukili ule ulishonwa ukawa mkeka wa kumlazia mwanawe. Damu ya mzee ilikuwa ya maiti. Msiba ukiingia, majirani walisuka ukili mwekundu, wakaushona mkeka wa kumzikia marehemu, na kipande kilichobaki kikafukiwa pamoja naye. Hakikuachwa hata cha kufungia kuni.

Kwa hiyo rangi zile zilionekana katika nyumba moja kwa sababu moja tu, nayo ni mauti kuingia penye mtoto mchanga, yakamchukua mama akijifungua au mtoto mwenyewe. Watu waliziogopa mno. Mwanamke aliyevaa wekundu alipita mbali na mgomba, jani lisije likamgusa. Mnacheka, lakini wao hawakucheka.

Basi jambo hilo likaingia nyumbani kwa Bi Mwatime. Binti yake, Mkasi, alikufa akijifungua, na ukili wake wa kijani ulikuwa haujatimia. Mtoto akapona, akaitwa Tabu. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuumalizia ukili ule, mtoto akalazwa juu ya nguo ya bibi yake.

Tabu akakua, akawa msusi hodari, lakini wachumba walimkwepa. Walisema mauti yaliyompokea duniani yatamfuata hadi kwa mume. Akatokea kijana mmoja, Makame, akasema anamtaka huyo huyo. Mama yake, Bi Kazija, alikuwa mkali hata kuku wake walitembea kwa adabu. Akasema sawa, na watu wakastaajabu.

Desturi ilikuwa biharusi asuke mwenyewe mkeka mweupe, aukunjue mbele ya wakwe. Mama mkwe akiridhika, ndoa inafungwa. Akiinuka akatoka, kila mtu anarudi kwake.

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa, kahawa inapita. Tabu akaja na mkeka wake, akaukunjua taratibu. Kikatokea kijani, kibichi kama jani la jana. Watu wakatazamana. Akaukunjua tena, na ubavuni mwa kijani kikatokea chekundu, damu ya mzee iliyoiva, vimeshonwa pamoja uzi kwa uzi mpaka mwisho.

Bibi yangu alinisimulia haya. Kikombe kilimponyoka mtu kikavunjika, na hakuna aliyegeuka kukitazama. Mama mmoja alimfunika mwanawe macho. Shangazi yake Makame ndiye aliyepata ulimi wa kwanza.

"Huo ni ukili wa maiti. Bi Mwatime, mwanao ulimzika na nini?"

"Nilimzika na mkeka wake," alijibu Bi Mwatime. "Kilichobaki nilikificha. Sikuweza kufukia kila kitu."

Watu wakashika vichwa. Ukili wa kaburini ulikuwa umelala chini ya dari moja na mtoto miaka yote ile, na hakuna aliyejua. Tabu akasema.

"Huu wa kijani mama aliusuka akiningoja. Huu mwekundu ulisukwa siku aliyoniacha. Wenzangu wote hutolewa na mama zao, ndiyo maana na mimi nimemshona wangu. Mkinikataa, tukataeni wote wawili."

Shangazi akamvuta Makame mkono. Wanaume wakaanza kutafuta viatu vyao. Macho yote yakamgeukia Bi Kazija, maana neno lilikuwa lake.

Bi Kazija akainuka. Bi Mwatime akafumba macho asione akitoka. Lakini Bi Kazija alivua viatu, akaja, akakaa katikati ya mkeka ule, hapo hapo rangi zilipokutana, akaupapasa kwa kiganja.

"Kabla ya Makame nilikuwa na mtoto," alisema. "Kijani chake hakijachakaa, mkanisukia chekundu. Mkaniambia nifukie na kilichobaki, na jina lake nisilitaje tena. Nimewatii mpaka leo. Aliitwa Kheri."

Makame akamgeukia mama yake. Hakuwahi kusikia kwamba alikuwa na kaka.

"Njoo ukae, mwanangu," Bi Kazija alimwambia Tabu. "Bado pana nafasi."

Akaja mwanamke mwingine, akavua viatu, akakaa, akataja jina la marehemu wake. Akaja mwingine. Shangazi naye akauachia mkono wa Makame, akaja analia. Watu walioishi ukuta kwa ukuta walisikia majina ambayo hawakuwahi kuyasikia, na mkeka ukawa mdogo.

Na tangu siku hiyo, biharusi wa Chamiyaa hushona damu ya mzee na kijani ubavu kwa ubavu, na mama mkwe ndiye hukaa wa kwanza. Rangi hizo zikatoka hapo zikaenda kwenye nguo, kwenye mapazia na kwenye mito yenu ya makochi. Mnasema zimependezana, nami sibishi, zimependezana.

Haya, mjukuu wangu, uliuliza. Vua viatu, ukae. Wangu aliitwa Subira.