Mayai ya Bi Mjusi na Kompyuta ya Ngiri

Paukwa!
— Pakawa!
Niiwashe?
— Iwashe!
Na ikiganda?
— Tutaipiga kofi!

Alikuwako Ngiri, mwenye meno marefu na tumbo lisilojua kutosheka. Kompyuta ya mbugani ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa yake. Mnyama akitaka kunywa kisimani, sharti apite kwa Ngiri apewe zamu, na zamu haikutoka bila muhogo. Ngiri alipiga magoti, kama ngiri wote wanavyofanya wakitaka kula, akabonyeza kwa pua, nyo, nyo, nyo, kompyuta ikatoa zamu. Kisha akautafuna muhogo, kachu, kachu, kachu.

Ndani ya kompyuta hiyo, upande wa nyuma, alikaa Bi Mjusi na mayai yake mawili. Kipupwe kilikuwa kimeingia, upepo ukipenya hata ngozi ya Kifaru, na penye joto palikuwa hapo tu, karibu na prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Lakini joto lenyewe lilikuwa dogo. Bi Mjusi aliyagusa mayai asubuhi, ya baridi. Akayagusa jioni, ya baridi. Usingizi ukamruka.

Siku moja Ngiri akafungua kompyuta apanguse vumbi, akayaona. Akamwambia Bi Mjusi atoe takataka zake, la sivyo atazitafuna pamoja na mihogo.

Bi Mjusi akatikisa mkia polepole. "Haya, Bwana Mkubwa, natoka. Ila nikiondoka na kipimo chako, usije ukanilaumu."

"Kipimo gani?"

"Cha kasi. Prosesa yako inatembea tu. Aliyeitengeneza aliifunga breki. Ukiifungua itakimbia, na foleni yote ile utaimaliza kabla ya jua kali. Mihogo yote ndani."

Ngiri akameza mate. Akauliza atajuaje kwamba imefika mwisho wa mbio zake. Bi Mjusi akamweleza, kwa upole, kwamba yai likitikisika ndipo kasi imetimia. Lisipotikisika, bado.

Ngiri akapiga magoti, akaongeza kasi. Feni ikalia vuuu. Zamu zikatoka pa, pa, pa, mihogo ikaingia kachu, kachu, kachu. Akatazama mayai. Kimya.

Akapiga magoti, akaongeza. Feni ikalia vuuuuu. Mfumo endeshi, ule unaopanga kazi zote za kompyuta, ukaanza kuweweseka. Tembo akapewa zamu ya Sisimizi. Kobe akaambiwa kwamba maji ya kesho ameshayanywa. Ngiri akatazama mayai. Kimya.

Bi Mjusi akayagusa. Yalikuwa vuguvugu. "Bado kidogo, Bwana Mkubwa."

Skrini ikaganda. Ngiri akaizima kompyuta, akaiwasha, ikaganda tena. Kwenye foleni, Swala akasema yeye si fundi, lakini mashine inayonuka hivi angeipumzisha. Ngiri akamwambia anyamaze, mwenye kipimo hapa ni nani?

Akapiga magoti, akaongeza mpaka mwisho kabisa. Vuuuuuuu. Kompyuta ikawa jiko. Na hapo yai moja likatikisika, tik. La pili likaitika, tik.

"Yametikisika," Ngiri akanong'ona, machozi yakimlengalenga. "Kasi imetimia."

Tik, tik, pasu. Watoto wawili wa mjusi wakachomoza, wakapita juu ya pua yake, wakaparamia ukuta, mama yao nyuma. Na kweli walikuwa na kasi.

Kompyuta ikasema pu, ikafuka moshi, ikanyamaza. Mpaka leo haijawaka.

Wanyama wakaendelea kupanga foleni, kwa mazoea. Kisha Kobe akageuka, akaanza kutembea kwenda kisimani bila zamu yoyote, muhogo wake mdomoni. Wengine wakamfuata. Ngiri alibaki pale pale amepiga magoti, akiyakodolea macho maganda, akingoja yatikisike tena.

Hadithi yangu imepoa. Mwenye baridi na akawashe yake.

Na funzo ndilo hili: kila mwenye kompyuta aipandishe kasi, tena bila woga. Ikiungua asisikitike, maana mahali fulani kuna mtu amepata watoto.