Fimbo ya Kupimia Malisho

Hapo zamani, katika nchi ambayo utajiri wa mtu ulijulikana kwa harufu ya samli mlangoni pake, alitawala Sultani Zahoro. Ikawa akaletewa mbegu za nyasi kutoka ng'ambo, akazipanda, zikarefuka hata zikamfika kifuani. Akafurahi mno, akaamuru ukoka wote wa malishoni ung'olewe, zipandwe nyasi hizo.

Basi palikuwa na fukara mmoja, jina lake Chande, hana kitu duniani ila ng'ombe mmoja, Sigi, aliyeishi kwa ukoka huo. Chande akaenda barazani.

"Bwana wangu, nyasi zako ni njema zikiwa changa. Zikikomaa huwa mabua. Nilimpa Sigi, akatafuna kama kibogoyo aliyepewa muwa, na maziwa yake hayakutoa samli hata ya kupaka kidole. Ukoka ni mfupi, lakini wote ni majani."

Sultani akatabasamu. "Chande, ufukara umekuzoesha vitu vifupi! Haya, shika fimbo hii, kimo chake ni kifua changu. Nimekufanya mpimaji wangu. Kila kinacholiwa katika milki yangu, kisichofika ncha ya fimbo, kiondoe kabla ya alasiri. Ukibakisha kitu, Sigi ataingia jikoni kwangu."

Watu wakamhurumia, maana malisho yale hata watu mia wasingeyang'oa kwa siku tatu. Lakini Chande akajibu, "Nimesikia, nami natii," akatoka, akarudi na mzigo wa mabua makavu ya mtama, akaketi kizingitini.

Baada ya sala ya adhuhuri sinia likaletwa. Sultani alipokunja mkono wa kanzu, Chande akaisimamisha fimbo katikati ya pilau.

"Vidole vinne tu! Ondoeni."

Watumishi wakatazamana. Chande akawaambia, "Ni amri ya Bwana wetu, si yangu." Wakaondoa. Kuku wa kupaka akapimwa, naye hakufika hata vidole vitatu, akaondolewa. Kisha Chande akayasimamisha mabua mbele ya Sultani, yakaipita fimbo.

"Karibu, Bwana wangu. Haya yamefuzu."

"Ewe mpumbavu! Mimi nile mabua?"

"Sigi naye aliniuliza hivyo hivyo, ila kwa macho."

Baraza zima likainamisha nyuso kuficha kicheko. Sultani akanuna, akajikaza, mara tumbo lake likanguruma hata mlinzi wa mlangoni akasikia. Hapo akashindwa, akacheka mpaka kilemba kikalegea.

"Nirudishie pilau yangu!"

"Siwezi, Bwana wangu. Pilau ni fupi, na ukoka ni mfupi. Kikirudi kimoja, na cha pili kirudi."

Basi mpiga mbiu akatumwa saa ile ile kutangaza kwamba ukoka usiguswe, na nyasi za ng'ambo zibaki nyuma ya zizi la Sultani, zikatwe zingali changa. Sinia likarudi, na Sultani akajisogeza kando kumpa nafasi.

"Njoo tule, Chande," akasema, "kabla hujanipima na mimi."