Sinia la Mwenye Wimbo

Hapo zamani, enzi za watu kula harusini wakashiba siku tatu, palikuwa na mtunga nyimbo katika mji wa Ukunguni, jina lake Faki Madole. Shamba hana, mbuzi hana, kanzu anayo moja, nayo ikifuliwa yeye hubaki ndani. Lakini harusi haikuchezwa mjini pale bila wimbo wake, na desturi ilikuwa hivi: mwenye wimbo ndiye auanzaye na kuingia uwanjani kwanza, kisha huletewa sinia la wali na paja la kuku. Sinia hilo ndilo lililomlisha yeye na mkewe, Bi Mwatima.

Basi Sultani Shangama akapata habari za mapaja hayo, mate yakamtoka. Akapiga mbiu: "Kuanzia leo nyimbo zote za mji huu ni zangu. Aimbaye aombe ruhusa, na sinia la mwenye wimbo liletwe kwangu."

Ikawa wiki mbili nyumbani kwa Faki ni uji wa chumvi tu. Bi Mwatima akasema, "Mume wangu, watunga wewe, ashiba mwingine. Nenda kamwambie."

"Mwenye nguvu mpishe," akajibu Faki. "Mimi nitamtii. Nitamtii mpaka achoke mwenyewe."

Ijumaa ile zilikuwapo harusi tatu. Faki akawazungukia mama za maharusi, akawaambia kwa adabu, "Nyimbo zimepata mwenyewe mpya, mimi siwezi tena kuzianza. Je, mmemwalika?" Wale mama wakashika vichwa, wakaenda barazani kwa Sultani na ngoma zao.

"Imbeni," akasema Sultani, "ruhusa nimetoa."

"Ruhusa tunayo, Maulana," akajibu mama wa harusi ya kwanza, "mwenye wimbo ndiye hatuna. Na mwanangu hatoki chumbani mpaka mwenyewe auanze. Au nyimbo si zako?"

Mbele ya mji mzima angesemaje? Akafungwa kanga kiunoni, akasukumwa uwanjani. Wimbo hakuujua, akauanzia katikati. Wenzake walipogeuka kushoto yeye akageuka kulia, akakanyaga joho lake, akapepesuka hatua tatu kinyumenyume, akadaka kilemba kwa mkono mmoja, na mguu ukabaki hewani. Vigelegele vikapasua anga. Faki alicheka hata akasahau njaa.

Harusi ya pili wakamtaka arudie, naye akarudia, safari hii kwa kusudi, na kusema kweli alifurahi kupita bwana harusi.

Walipofika harusi ya tatu wakamkuta waziri ametangulia. Yumo uwanjani anapepesuka kinyumenyume, mkono kilembani, mguu hewani, na mama wa bibi harusi anamkabidhi paja la kuku. Sultani uso ukamwiva.

"Waziri, mwendo huo ni wangu! Nimeutoa mimi, kwa jasho langu, magoti yananiwaka moto, nawe unaulia kuku?"

Ngoma zikanyamaza. Faki akasogea taratibu. "Maulana, kwani hakukuomba ruhusa?"

"Hakuniomba."

"Basi pole. Yauma."

"Yauma sana," akasema Sultani, na hapo akasikia mwenyewe alichokisema. Akamtazama Faki, akatazama kanzu yake ile moja, haya zikamshika mbele ya watu. Kisha kicheko kikamwanza tumboni, kikapanda, akacheka hadi akakaa chini mkekani na kanga yake kiunoni. Akampokonya waziri lile paja, akampa Faki.

"Chukua nyimbo zako na masinia yake yote, na mbiu nyingine ipigwe leo hii. Lakini mwendo niachie."

"Ni wako, Maulana. Nikiutaka nitakuja kuuomba."

Jioni ile Bi Mwatima alikula wali mpaka akafungua mkaja wa kiunoni. Na Sultani naye akaletewa sinia dogo la mwenye mwendo, akalila lote. Waziri akaomba japo ukoko, akaambiwa akatunge mwendo wake.